Ukihamia Kisiwani, Tenga Kwanza Nauli ya Kurudi

Msomaji, iwapo unaishi Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi au mtaa mwingine wowote wa Eastlands hapa Nairobi, bila shaka umewahi kusimama mbele ya mtungi mtupu, mfereji ukitoa hewa badala ya maji na mwenye nyumba akibisha mlangoni, ukajiambia: "Siku moja nitauhama mji huu." Wengine huwaza kurudi mashambani. Wengine huwaza ng'ambo. Mimi na mume wangu tuliwaza kisiwa.

Usicheke. Hatukuwa watalii wala hatukuwa na shangazi tajiri. Tulikuwa watu wa kawaida, wenye watoto wawili na kodi ya Sh12,000 kila mwezi. Mume wangu ni seremala, na wakati huo alikuwa akitengeneza vitanda na makabati katika karakana ya jua kali kule Kariobangi. Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa na kibanda changu Umoja. Mwaka wa 2022 ulitukalia vibaya. Pakiti ya kilo mbili ya unga ilipita Sh200, na mtu ambaye hajui atakula nini jioni haagizi kabati wala hashoni sare ya harusi. Kufikia Novemba mume wangu alikuwa akitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni bila kushika randa.

Ndipo rafiki yake wa zamani akampigia simu kutoka Lamu. Alisema nyumba nyingi za kale zinafanyiwa ukarabati, kazi ya mbao ipo, na vyumba viwili unaweza kuvipata kwa Sh6,000. Nusu ya kodi yetu! Usiku huo tulikaa mezani na daftari la mtoto, tukapiga hesabu hadi stima ikapotea. Tukawasha mshumaa, tukaendelea.

Jamaa na marafiki walikuwa na lao la kusema. Binamu yangu alitukumbusha kwamba hata Mombasa ni kisiwa, na mtu hufika huko bila kupanda mashua. Jirani akatutisha kwa habari za Mpeketoni, ambako wavamizi waliua watu wengi mnamo Juni 2014, na za mashambulizi mengine yaliyofuata katika barabara za eneo hilo. Hakuwa akizua. Tulipima hofu hiyo na hofu ya kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya kodi, tukaamua kwenda.

Mama yangu, ambaye ni mjane anayeishi Jericho, hakutupinga. Aliuliza swali moja tu: "Mmeweka nauli ya kurudi?"

Tulicheka. Mume wangu akamjibu kwa heshima, "Mama, tunaenda kuishi, hatuendi kutembea."

Mama hakucheka. Yeye alikuja Nairobi kutoka Vihiga mwaka wa 1968 akiwa bibi arusi, mkononi akiwa na sanduku moja la bati. Tangu utotoni nakumbuka kopo la Kasuku lililokaa juu ya kabati lake, na onyo kwamba atakayeligusa atakiona cha mtema kuni. Ndani mlikuwa na nauli ya basi hadi kwao, ya kwenda na kurudi. Nauli ilipopanda, mama aliongeza. Hata mwezi ambao tulilala kwa uji, kopo halikufunguliwa. Alilifungua babu alipofariki, na usiku huo huo akawa safarini huku majirani wengine wakigonga milango kukopa. Kisha akalijaza tena.

Basi ili kumridhisha, nilitenga Sh10,000 na kuzifunga kwenye leso. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikupe hesabu yenyewe, msomaji, maana najua ndiyo unayoingoja. Tuliuza makochi, televisheni, jokofu na kitanda cha watoto, tukapata Sh40,000. Chama changu kilinipa akiba yangu ya Sh32,000. Mwenye nyumba alinirudishia dhamana baada ya kukata pesa za rangi, nikabaki na Sh8,000. Jumla Sh80,000. Tulisafiri Januari 2023, kabla ya shule kufunguliwa. Garimoshi la Madaraka Express, lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, lilikuwa likitoza Sh1,000 kwa mtu mzima katika daraja la chini, na nusu yake kwa mtoto. Ukitoka Mombasa unapanda basi kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, ambako barabara huishia baharini. Hapo ndipo unaposhusha kila ulicho nacho, kikaingia mashuani. Cherehani yangu ilivuka ikiwa imefungwa gunia, nami nimeishika miguu kana kwamba ni mtoto mchanga.

Tulipokwisha kulipa nauli, kodi ya mwezi mmoja na dhamana, magodoro, jiko, sufuria na mahitaji ya shule, tulikuwa tumetumia karibu Sh41,000. Tulibaki na Sh39,000, pamoja na zile kumi za leso. Tulijiona matajiri.

Na kisiwa chenyewe? Sitakudanganya, kinapendeza. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia na shirika la UNESCO mwaka wa 2001, na ukiuona utajua sababu. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kuta nene, vichochoro vyembamba ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hulazimika kungoja. Matatu hakuna. Wiki ya kwanza watoto wangu hawakuweza kulala kwa sababu ya kimya.

Lakini mgeni huona bahari na upepo. Mkazi huona kwamba karibu kila kitu kimekuja kwa mashua. Saruji, mtungi wa gesi, kabeji, viazi, sabuni, vyote vimelipiwa nauli kama abiria, kisha vikalipiwa punda au hamali wa mkokoteni hadi mlangoni. Sukuma wiki tuliyoinunua Umoja bila kufikiri, huko tuliifikiria. Samaki, nazi na maembe ya msimu ndivyo vilivyotuokoa. Ilinichukua miezi miwili kuelewa kwamba ukihamia mahali pa gharama ndogo ukaendelea kupika chakula cha ulikotoka, hujahama, umeongeza gharama. Tulipojifunza kula wali wa nazi na samaki mdogo aliyenunuliwa jioni wavuvi wanaporudi, daftari likaanza kupumua.

Maji nayo ni hadithi. Maji matamu ya mji hutegemea visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hukusanya maji ya mvua. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Tulipanga upande wa Gadeni, na kwa kuwa nilitoka Eastlands nikiwa mwanafunzi hodari wa kupanga mitungi, siku za mwanzo nilijipanga vivyo hivyo.

Hilo likaniponza. Siku ya tatu bibi mmoja, jirani wa nyumba ya chini, alinipungia mkono akaita, "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Nikaingia ndani mbio, nikachukua ndoo, nikashuka nayo nikidhani maji yametoka. Bibi aliitazama ile ndoo, akanitazama mimi, akacheka hadi akajishika ukutani. Kwa Kiamu, "ndoo" ni "njoo". Alikuwa akiniita ninywe kahawa. Nami nilijiona mjuzi wa Kiswahili kwa kuwa nilipata alama nzuri shuleni! Tangu siku hiyo watoto wa kichochoro wakawa wananiita Mama Ndoo.

Mume wangu naye alipata somo lake. Kariobangi alikuwa fundi stadi. Lamu, mji wa milango ya nakshi, alikuta vijana wa miaka kumi na minane wakichonga maua kwenye mvule kwa patasi ambazo hajui hata majina yake. Alianza upya, kwa kupiga msasa, kwa Sh800 kwa siku. Wale walioturubuni kwa habari za bandari mpya hawakujua kwamba bandari hiyo, iliyopokea meli za kwanza Mei 2021, iko Kililana, upande wa bara. Kwa mtu wa Gadeni kwenda huko ni mashua tena, na nauli tena.

Mwezi wa Machi mwenye nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa alichelewesha malipo. Tulikula akiba, lakini leso hatukuigusa. Kisha Ramadhani ikaingia, na hapo, msomaji, nikaiona riziki. Wateja walipanga foleni wakitaka nguo za Idd. Nilishona hadi saa nane za usiku. Tatizo langu lilikuwa moja: sikuwa na mashine ya kumalizia kingo, ile mafundi wanaita ovaloki, na kila nguo nililazimika kuipeleka Langoni nimlipe mwingine. Mtu akaniambia anauza yake iliyotumika kwa Sh18,000. Nilikuwa na Sh8,000.

Unajua nilichofanya. Nilimwambia mume wangu kwamba pesa zilizolala kwenye leso hazizai. Alikubali. Kwa kweli, hesabu zilikuwa upande wetu. Mashine ingelipa deni lake kabla ya Septemba. Wala hatukuona dalili yoyote ya kuhitaji kusafiri. Niliifungua leso nikalipa.

Idd ilikuwa Aprili. Mei ilipofika katikati, saa tatu za usiku, simu yangu ya mkono ililia. Alikuwa jirani wa mama kutoka Jericho. Mama alikuwa ameanguka jikoni, mdomo umepinda upande mmoja na hawezi kuinua mkono wa kushoto. Walikuwa wakimpeleka hospitalini.

Mimi ni mtoto wake wa pekee aliye hai.

Nataka uelewe jinsi usiku ule ulivyokuwa. Nilipokuwa Umoja, ningetoka mbio hadi barabarani, na kwa matatu moja au mbili ningekuwa kando ya mama. Lamu, hata ungekuwa na pesa, basi la kwanza lingetoka Mokowe asubuhi, kwani mabasi hayakuwa yakisafiri usiku katika njia ile kwa sababu za usalama. Mwenye pesa nyingi angengoja asubuhi avuke hadi uwanja wa ndege wa Manda na kufika Nairobi siku hiyo hiyo. Kisiwa kile kile, bahari ile ile, lakini yeye yuko karibu na mama yake kuliko mimi. Nikajua usiku huo kwamba umbali wa Lamu na Nairobi hutegemea ulicho nacho mfukoni.

Na mfukoni tulikuwa na Sh640. Ovaloki ilikuwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa. Nani angeinunua saa nne za usiku?

Nilikaa ngazini nikalia bila kujificha. Mlango wa chini ukafunguliwa. Bibi akasema, "Ndoo." Nikashuka. Hakuniuliza maswali mengi. Alinipa maji, akamtuma mjukuu wake kwenye nyumba tatu, na kabla ya usingizi wa watu akanirudia na kitambaa kilichofungwa. Mlikuwa na Sh4,500. Baadhi yake ilikuwa sarafu. Miongoni mwa waliotoa alikuwamo mama mmoja ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa nimekataa kumpunguzia bei ya kanzu ya mwanawe.

Niliondoka alfajiri peke yangu. Mashua Sh150, basi hadi Mombasa Sh1,300, basi la usiku hadi Nairobi Sh1,500, matatu Sh100, na chakula kidogo. Jumla Sh3,200. Nilifika hospitalini asubuhi ya pili, karibu saa thelathini na sita tangu simu ile. Mama alikuwa hai. Kilikuwa kiharusi. Alinitambua lakini hakuweza kulitamka jina langu.

Kilichonichoma, msomaji, ni nguo aliyokuwa amevaa. Haikuwa yake. Majirani wa Jericho walikuwa wamemwogesha, wamembadilisha, wamepokezana zamu ya kuketi naye usiku kucha. Mmoja wao alikuwa mzee kumzidi mama. Kwa simu unaweza kutuma pesa ukiwa nazo, lakini mikono ya kumgeuza mgonjwa kitandani haitumwi. Nilikuwa nimeikopa mikono hiyo kwa watu wa Jericho bila hata kuwaomba, kama nilivyokopa nauli kwa watu wa Gadeni.

Mama aliporuhusiwa kutoka, nilipanda kiti kulitafuta kopo la Kasuku, nikitumai lingetusaidia kununua dawa. Lilikuwa na Sh5,300. Nikahesabu mara mbili. Nauli ya Vihiga haikufika hapo hata kidogo. Nilimwuliza, naye kwa ulimi mzito, neno moja moja, akaniambia: "La-mu." Alikuwa ameuliza bei ya nauli kwa watu. Alikuwa akijiwekea nauli ya kuja kutuona, na ya kurudi.

Sikununua dawa kwa pesa zile. Nililirudisha kopo juu ya kabati.

Je, tulirudi Nairobi? Jibu si rahisi. Mimi nilitaka turudi sote. Mume wangu alisema amekwisha kupewa patasi, ameanza kuchonga, na Kariobangi hakuna kinachomngoja isipokuwa karakana tupu. Tuligombana kwa simu majuma mawili, jambo ambalo hatukuwa tumefanya katika miaka kumi na miwili ya ndoa. Nilimwambia anachagua mbao badala ya mama yangu. Aliniambia nachagua umaskini tunaoujua. Leo naona sote tulikuwa na haki kidogo na woga mwingi.

Mwishowe tuligawana. Kitinda mimba aliletwa kwangu Jericho shule zilipofungwa Agosti 2023. Mkubwa alibaki na babake. Ovaloki iliuzwa Lamu kwa Sh15,000. Deni la majirani likalipwa lote, ila bibi, aliyekataa sehemu yake katu katu akasema nimshonee buibui. Nilimshonea, tena kwa mkono pale kingo zinapohitaji. Cherehani yangu sasa iko barazani kwa mama. Anaweza kutembea kwa fimbo, na hunikemea ninapokata kitambaa vibaya, kwa hivyo nafahamu anaendelea vyema. Mume wangu bado yuko Lamu, anachonga, na huja likizo za shule. Siwezi kukuambia kwamba hii ndiyo familia niliyoipanga kwenye daftari lile. Lakini kodi inalipwa, na kila mmoja wetu anaweza kumfikia mwenzake.

Anaweza, kwa sababu kila nyumba sasa ina kopo lake.

Basi, iwapo unapiga hesabu za kuhama, iwe ni Lamu, iwe ni Pate, iwe ni kisiwa chochote kinachokuita, sikukatazi. Nami kama si mama ningekuwa huko bado. Lakini usianze na kodi ya nyumba. Anza na mtu ambaye akianguka ni lazima uende. Kila mmoja wetu ana huyo. Hesabu nauli ya watu wazima wawili kwenda kwake na kurudi, uongeze ya chakula, uongeze siku tano za kukosa kazi. Uliza bei za sasa, usitegemee za kwangu, kwa maana garimoshi lililokuwa Sh1,000 lilipanda hadi Sh1,500 Januari 2024. Pesa hizo ukizipata, zifunge, uziweke mahali pa kuonekana. Kisha ishi nazo hapa hapa Umoja au Kayole kwa miezi sita bila kuzigusa, hata unga ukiisha, hata mtu akija na mashine nzuri ya bei nafuu.

Ukiweza hilo, funga virago. Ukishindwa, ngoja kwanza. Kisiwa hakiendi popote.

Na ukifika, ukisikia jirani akiita "ndoo", acha mtungi nyumbani uende. Huenda siku moja mlango huo ndio utakaofunguka saa nne za usiku.